Kabla hujamuandikisha mtu wenu methadoni, angalia haya kama kweli atafika mwisho

Watu wa Mombasa tuna tabia, mtu wetu akianza tiba ya unga (heroini), yaani hii methadoni ya kunywa inayoshika mahali pa unga, tunamtazama usoni tunatoa hukumu, huyu atamaliza maana amelia mbele ya mamake na msahafu ameshika, yule hawezi, ni sugu. Acheni. Kuapa wanaapa wote na wakati huo wanamaanisha. Mimi nikitaka kujua nani atabaki naangalia mambo mengine kabisa, tena kabla ya siku ya kwanza.

Nauli. Dawa yenyewe kwa kawaida inanywewa kliniki mbele ya nesi kila siku, Jumapili na Idi pia. Mtu anakaa Likoni kliniki iko Kisauni, hapo kuna feri na kuna matatu, nauli ya matatu nani analipa? Jibu lipatikane nyumbani mapema.

Kazi. Tajiri wake aambiwe atachelewa asubuhi. Kama ni mwanamke ana mtoto mdogo, mtoto anaachiwa nani? Na Ramadhani ikikaribia ulizeni dozi itanywewa saa ngapi, msingoje mwezi uandame.

Wiki za mwanzo ndio wengi hukimbia. Dozi huanzia chini, kama miligramu 20 au 30, hupandishwa pole pole na wengi hutulia wakifika 60 kwenda juu, sasa zile siku za kwanza arosto (maumivu ya kukosa unga) bado iko, mifupa inauma na usingizi hakuna. Usianze kumwambia dawa gani hii haifanyi kazi! Kaa naye. Na asichanganye na unga, bugizi (vidonge vya kulewesha) wala pombe, pumzi inakatika.

Sasa hili la TB someni vizuri maana limetuumiza sisi. Mtoto wa mamangu mdogo ndiye kila mtu alisema huyu atamaliza, alfajiri yuko kwenye foleni, mwili umerudi, anasukuma mkokoteni Kongowea na pesa analeta nyumbani. Akaanza kukohoa, akapimwa akakutwa na TB, dawa za TB akawa anachukua mahali pengine na methadoni mahali pengine. Kumbe kwenye dawa za TB mna rifampisini, na hiyo inafanya ini liimalize methadoni haraka mwilini, dozi iliyokuwa inamfikisha asubuhi ikawa jioni imekwisha. Miayo, machozi, makamasi, malaika yamesimama mwili mzima, usiku anatembea uani. Nyumbani wakasema tayari, amerudi maskani kule wanakotumia unga. Akaapa wallahi mama sijaonja na ilikuwa kweli hajaonja, hakuna aliyemsikia, mamake akamfungia mlango akalale huko huko. Haikuchukua muda akarudi kwenye kete za unga kweli. Wa TB hawakumuuliza kama yuko methadoni, wa methadoni hawakumuuliza kikohozi, na yeye mwenyewe aliona haya kusema. Na dawa yake ilikuwa kupandishiwa dozi tu! Alirudi tiba baadaye lakini alianzishwa chini upya na arosto ile ile akaipitia tena.

Kwa hivyo kadi zote ziwe kwenye mfuko mmoja na kila daktari azione zote. Baadhi ya dawa za ukimwi, kama efavirenzi, zina tabia hiyo hiyo. Na dawa za TB zikiisha, kawaida ni miezi 6, kliniki waambiwe tena manake ile dozi iliyopandishwa sasa inaweza kuwa kubwa mno. Mtu akisema arosto imerudi, mpelekeni akaangaliwe kwanza, lawama baadaye.

Muda nao msijidanganye. Soba hausi (nyumba ya kukaa mtu akiacha unga) chini ya miezi 3 mara nyingi haitoshi, methadoni hesabuni mwaka mzima ndio kiasi cha chini, wengine miaka, na hilo sio aibu. Akitoka asirudishwe chumba kile kile na wenziwe wale wale nje ya mlango, asipewe pesa nyingi mkononi kwa mara moja, asikae bila shughuli.

Na aliyekaa bila unga wiki kadhaa mwili wake haustahimili tena kipimo chake cha zamani, akirudia kipimo kile kile anaweza kufa papo hapo. Ulizeni kliniki mapema kuhusu naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, na anayelala naye chumba kimoja afundishwe kuitumia.