Kabla hujanunua diski za seva ya barua pepe

Anza na hesabu, achana kwanza na katalogi ya muuzaji. Watu 3,000, kila mmoja gigabaiti 2, tayari ni terabaiti 6, na hapo hujagusa kesho. Kiambatisho kikipita kwenye barua pepe hugeuzwa kuwa herufi tupu, na kugeuzwa huko hukinenepesha kwa karibu theluthi: picha ya megabaiti 9, kwenye seva nyingi, hulala diskini ikiwa megabaiti 12. Bosi akiwatumia wafanyakazi wote ripoti yenye picha za sherehe, je, seva yako itaweka nakala moja au 3,000? Uliza kabla ya kulipa. Mimi diski ikifika asilimia 70 naanza kupiga kelele. Wanaosema napenda kelele hawajawahi kupigiwa simu saa nane za usiku kwamba barua haziingii.

RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja ili moja ikifa nyingine zishike, si bakapu, yaani nakala ya akiba. Nairudia kwa sababu kila mwaka nakutana na meneja anayebisha. RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja, RAID 6 mbili, basi. Mtu akifuta folda kimakosa, imefutika kote papo hapo. Na usinunue diski zote kwenye katoni moja: zimezaliwa pamoja, zinachoka pamoja.

Stima unaijua. Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ililala gizani, na huku kwetu Kisumu, ziwani, hata siku za kawaida radi haibishi hodi. Yupiesi (UPS), ile betri inayoshika stima ikipotea, haikununuliwa ili watu waendelee kufanya kazi. Inakupa dakika chache za jenereta kuwaka au seva kuzimwa vizuri. Chukua ile inayoweza kuiamuru seva ijizime yenyewe, kwa maana saa hiyo wewe uko kwenye foleni ya Kondele.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Mbali si chumba cha pili. Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH kiliungua kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao bakapu zao zilikuwa kwenye eneo lilo hilo. Na tepu, ule utepe wa sumaku wa kuhifadhia data, usiicheke. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zilizokuwa kwenye mitambo iliyokuwa ikifanya kazi. Google wakazirudisha kutoka kwenye tepu, ambayo haikuwa imeunganishwa na chochote.

Nakala inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa nenosiri. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za watu zikivuja na kuwaweka hatarini una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Na hapa kwenye nenosiri ndipo niliungua mimi.

Taasisi niliyokuwa nikiitumikia Kisumu, jina naliacha, ilikuwa na bakapu ya kujivunia. Kila usiku nakala inafanyika, imefungwa barabara, na nyingine inatua kwenye tawi la Nakuru. Jioni moja ya Aprili radi ikapiga, na tulipowasha seva, diski tatu kati ya nane hazikuamka. Nakala ya hapo hapo nayo ikafa. Hatukuhangaika sana, Nakuru si ipo? Tukapiga hesabu: terabaiti 4 kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni karibu siku 4, hata kama hakuna mwingine anayeigusa. Alfajiri nikapanda matatu, Ahero, Kericho, Mau Summit, na usiku nikarudi na diski nimeiviringisha kwa sweta, begi nimelipakata kama mtoto mchanga.

Nikaichomeka. Programu ikaomba nenosiri.

Tukaangaliana. Aliyeliweka alikuwa amestaafu. “Lakini si alitutumia sote?” mwenzangu akauliza. Alitutumia, naam, kwa barua pepe. Barua yenyewe ilikuwa ndani ya seva iliyokufa, na nakala yake ndani ya diski niliyotoka nayo Nakuru, nyuma ya nenosiri lilo hilo.

Mzee alikuwa shambani kwake Siaya. Bahati yetu, simu yake kuukuu ilikuwa bado na akaunti ya kazi ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga, na ile barua ilibaki humo. Akatusomea herufi 28, laini ikikatika kila mara.

“Hapo ni sufuri au O, mzee?”

“Ni ile ya duara, kijana wangu.”

Jaribio la tano ndilo lililofungua. Angekuwa amempa mjukuu simu ile achezee, sijui tungewaambia nini watu wote wale.

Kwa hiyo nenosiri liandike kwenye karatasi, sufuri uikate mstari, uweke bahasha mbili: moja kwenye sefu ya mhasibu, nyingine mji mwingine. Na akaunti za wastaafu zifunge, hata kama moja ilituokoa.

Kila miezi mitatu toa kwenye bakapu sanduku la barua la mtu mmoja, ulirudishe kwenye mashine nyingine, ukitumia karatasi ile, si kumbukumbu yako. Fungua kiambatisho uone kama kinafunguka. Andika ilichukua muda gani. Ripoti yetu ya bakapu ya asubuhi ilikuwa kijani, yaani mambo sawa, miaka miwili mfululizo, na bado tulikwama.

Mengine utayaona ukizunguka: tangi la maji lisikae juu ya chumba cha seva, panya wanapenda nyaya, funguo za chumba zisiwe na mtu mmoja aliye likizo Desemba. Na ile soketi iliyo karibu na mlango izibe kabisa, kabla mtu hajachomoa plagi usiyoitarajia ili achemshe chai.