Kabla ya kumrudisha mgonjwa mahututi nyumbani

Daktari akisema ugonjwa hauponi tena, familia nyingi hapa Uganda ama hukopa fedha na kukimbilia hospitali nyingine, ama humpeleka mgonjwa kijijini mikono mitupu. Kwa vyovyote vile, mgonjwa hubaki na maumivu ambayo yangetulizwa. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito, haingoji siku za mwisho. Iombeni mapema, hata kama bado anapigwa mionzi pale Taasisi ya Saratani, Mulago.

Kabla hamjakodi gari, jueni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, itatoka wapi. Dkt. Anne Merriman alianzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na baadaye huduma ikafika Mbarara na Hoima. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini ya kunywa, na mgonjwa hupewa bila malipo. Kwa hiyo hata mkienda Arua au Kasese hamtafuti daktari bingwa. Ulizeni wodini ni kituo gani karibu na kwenu chenye mtaalamu huyo pamoja na dawa yenyewe, maana si vituo vyote vinayo. Ondokeni na barua yenye jina la ugonjwa na kipimo cha dawa, na namba ya simu ya mtu wa kumpigia mambo yakiharibika usiku.

Mofini hunywewa kwa saa zilizopangwa, haingojwi maumivu yaanze. Ratiba iliyozoeleka ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku kipimo maradufu ili mgonjwa alale mpaka asubuhi. Maumivu yakipenya katikati, kuna kipimo cha ziada; mwombeni muuguzi awaandikie ni kiasi gani, na kila mnapokitumia kiandikeni kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo ataona kama dawa inahitaji kuongezwa. Chupa hutiwa rangi kulingana na nguvu ya dawa. Ikibadilika rangi, msimpe kabla hamjauliza. Usingizi na kichefuchefu vya mwanzoni kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi, basi dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile. Wako wazee watakaosema mama atakuwa mraibu, au kwamba mofini ndiyo inayoua. Waelezeni kwa heshima: ikitolewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu, haimfanyi mraibu wala haiharakishi kifo. Kumkatizia ghafla ndiko kunakomtesa.

Mahitaji mengine ni ya kawaida: glavu, shuka za kubadilisha, plastiki ya kufunika godoro, na watu wa kupokezana, kwa sababu anayelala chali wakati wote huchubuka na inabidi ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Kidonda cha saratani kikinuka, muulizeni muuguzi kuhusu metronidazole (dawa ya kuua bakteria) iliyosagwa na kunyunyiziwa juu yake. Harufu hiyo huwafukuza wageni, na upweke nao ni mateso.

Zungumzeni naye angali na nguvu. Anataka kuzikwa wapi? Nani atabaki na watoto? Anadai au anadaiwa? Wosia uandikwe, autie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Mjane asiye na karatasi huweza kunyang'anywa kiwanja kabla matanga hayajaisha, na hilo linaniuma kuliko mengi. Imamu au padri aitwe mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia. Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao. Wanajua tayari kwamba kuna jambo.

Siku za mwisho ataacha kula. Hapa ndipo shangazi kwa mapenzi hutaka kumlazimisha uji, nao humpalia. Mloweshe midomo kwa kitambaa chenye maji, na akikoroma mlazeni ubavu. Kama hawezi kumeza, dawa isikatishwe: muuguzi atawaonyesha jinsi ya kudondosha mofini kidogo kidogo ndani ya shavu. Mkubaliane pia mapema, mkiwa bado mmetulia, kama mtamkimbiza hospitali pumzi ikibadilika au atabaki kitandani kwake, maana saa 9 usiku kila ndugu atakuwa na shauri lake na bodaboda iko mlangoni.

Akishafariki, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajulishwe, na mofini iliyobaki irudishwe kituoni. Isiachwe kabatini, na asipewe jirani mwenye maumivu hata akiomba kwa machozi. Mpelekeni kwa muuguzi yuleyule.