Dragon's Dogma 2: jinsi ya kuanza bila kuchakazwa na magoblini

Haya wale mliokuwa mnasubiri bei ishuke ndo muingie, hili gemu la Capcom lilitoka 22 Machi 2024 kwa PS5, Xbox Series na PC, na lile la kwanza ni la 2012, ila kama hukucheza la kwanza wala usihangaike kulitafuta, stori ni nyingine na dunia ni nyingine, we anza hapa hapa. Uje tu ukijua kwamba hili gemu halikimbizwi. Kama umezoea magemu ya kubonyeza ramani ukatokea upande wa pili hapa utakereka sana mwanzoni, maana ile safari yenyewe ndo gemu, na ukitoka mjini hujajipanga unaliwa.

Wa PC kwanza. Mzigo mkubwa unaenda kwa CPU sio kadi ya picha, kwa sababu linapiga hesabu za kila mtu anayetembea mtaani, kwa hiyo porini unaweza kuwa poa kabisa halafu ukiingia Vernworth, ule mji mkuu, picha zinaanza kukwama. Kushusha grafiki pale mjini hakusaidii kihivyo. Lisasishe mpaka toleo la mwisho ndo uanze, wametoa marekebisho kadhaa tangu litoke.

Kutengeneza mhusika: jipe muda, kile chombo cha sura ni kitamu balaa. Ila mwili una maana yake, mtu mrefu na mnene anabeba mzigo mwingi kabla hajaanza kukokota miguu, mfupi mwembamba anabeba kidogo lakini pumzi inarudi haraka. Ukija kuchoka na sura usijute, kuna kitu kinaitwa Art of Metamorphosis kwenye chama cha Pawn (wasaidizi wako, nakuja kwao sasa hivi), unakinunua kwa zile RC, yaani Rift Crystal, sarafu ya mambo ya Pawn, unazookota na kupewa humo humo kwenye gemu. Wakati linatoka watu walipiga sana kelele maana vitu kama RC na Wakestone (jiwe la kufufua waliokufa) vilikuwa vinauzwa kwa hela ya kweli, mi nakwambia usitoe hata mia, vyote vinapatikana ukicheza.

Sasa Pawn. Hawa ndo wenzako watatu, mmoja unamuumba mwenyewe pale Borderwatch Outpost, ile kambi ya mwanzoni, na wawili unaazima, wameumbwa na wachezaji wengine huko duniani. Wako wa kudumu anapanda levo pamoja na wewe. Wale wa kuazima ni madeiwaka, levo yao imeganda pale pale ulipowachukulia, kwa hiyo ukishapanda levo mbili tatu warudishe uchukue wengine, usiwaonee huruma. Wa levo yako au chini yake ni bure, waliokuzidi ndo unalipia RC. Na hapa kuna raha moja ambayo sijaiona kwingine: ukiazima Pawn ambaye bosi wake alishamaliza kazi fulani, anakwambia mimi hii naijua nifuate, anatangulia mbele anakupeleka mpaka mlangoni. Sikiliza wanavyoongea, wanapiga domo sana ni kweli, ila katikati ya zile porojo kuna kona ya sanduku au njia ya mkato.

Kikosi cha kuanzia, kila mtu na fani yake ya kupigana: Mage (mchawi wa kutibu) mmoja lazima, na mpe ile tabia ya Kindhearted, huyo ndo anajali kutibu watu. Mwingine Fighter asimame mbele na ngao. Wewe chukua unachotaka, Thief (wa visu) ni rahisi kwa anayeanza na anaua haraka, Archer (wa upinde) naye poa. Warrior (wa panga kubwa) na Sorcerer (wa uchawi mzito) hawapo mwanzoni, nenda chama cha fani pale Vernworth wanakutuma mgodi wa Trevo Mine ukalete silaha, ukirudi nazo zinafunguka zote mbili.

Kitu kinachowaua wageni wengi ni ile sehemu ya uhai inayobaki nyeusi. Ukipigwa, uhai wako wa juu kabisa nao unapungua kidogo kidogo, na huo Mage hawezi kuurudisha, kwa kawaida unarudi ukilala. Ndo maana safari ina mwisho wake, ukiona bar imeliwa nusu na bado uko mbali geuza au tafuta sehemu ya kambi. Beba kifurushi cha kambi na nyama, pika (video ya nyama inavyochomwa ni nyama ya kweli walirekodi, utasikia njaa), mnaamka bar imejaa na nguvu ya ziada juu. Kabla ya kulala safisha eneo, mkivamiwa usiku kile kifurushi kinaweza kuharibika. Na mafuta ya taa usisahau, usiku wa huku ni giza kweli kweli.

Majini usijaribu. Maji yakizidi kimo kuna kitu kinaitwa Brine kinakumeza.

Kusafiri haraka kupo, unatumia jiwe linaitwa Ferrystone, ila dukani ni 10,000 za humo kwenye gemu kila moja na unatua tu penye Portcrystal (jiwe la kutulia), kwa hiyo zitunze kwa safari ndefu. Kwa kawaida panda mkokoteni wa ng'ombe, upo wa kutoka kijiji cha Melve kwenda Vernworth, unalipa hela kidogo unasinzia. Wakati mwingine unaamshwa na magoblini, na mkokoteni ukivunjwa huo ndo mwanzo wa kutembea.

Nafasi ya sevu ni moja tu, na ndani yake kuna ile ya otomatiki na ile ya mara ya mwisho ulipolala nyumba ya wageni, kwa hiyo lala kitandani kila kabla ya jambo zito. Kazi nazo nyingine hazisubiri, yule dogo wa Melve aliyebebwa na mbwa mwitu ukizubaa siku nyingi unamkuta ameshakufa.

Madude makubwa: panda mgongoni. Cyclops (jitu la jicho moja) mpige miguu aanguke halafu jicho, griffin (dude lenye mabawa) mchome moto mabawa ashuke, ila ukimng'ang'ania akaruka, hesabu pumzi yako kabla ya kuachia.

La mwisho ni Dragonsplague, ugonjwa wa Pawn. Dalili: anashika kichwa, macho mekundu, anakujibu jeuri, anapuuza amri. Ukilala naye mjini katika hali hiyo unaamka mji mzima umechinjwa, wenye duka, wenye kazi zako, wote. Kwa hiyo chungulia macho ya kila mmoja kabla ya kulipia kitanda. Wa kuazima mfukuze, wako wa kudumu mbebe mtupe kwenye Brine kisha umwite tena kwenye jiwe la Rift (lile la kuitia Pawn), anarudi mzima. Kama umeshachelewa, waliokufa utawakuta mochwari ya Vernworth, na kila unayemtaka ni Wakestone moja.