Kuhesabu chembe za nano za silva kwenye maji: chukua kalkuleta kabla ya hadubini

Watu wanadhani hadubini ya elektroni ikishawashwa tu chembe zitajileta zenyewe, matokeo yake unamkuta mtu kashinda kutwa nzima kwenye chumba cha giza anakodolea gridi tupu, yaani kile kijisahani cha wavu wa shaba kinachobeba sampuli. Kabla hujaomba zamu ya mashine, piga hesabu.

Tuseme una maji yaliyopita kwenye vile vyungu vya kuchujia vinavyopakwa silva ya kuua bakteria, unataka kujua kama silva inavuja. Chembe moja ya nanomita 50 ina uzito wa kama femtogramu 0.7 (femtogramu ni sehemu ya milioni ya nanogramu), kwa hiyo nanogramu 1 kwa lita ni chembe milioni 1.4 na ushee, utasema mbona nyingi, haya subiri: kwa mililita ni 1,450 hivi, na lile tone la maikrolita 5 unalodondosha kwenye gridi limebeba 7. Saba tu! Gridi ina upana wa milimita 3, picha ya karibu inafunika labda maikromita 5 kwa 5, kwa hiyo kuimaliza yote ni picha kama 280,000. Na tone likikauka chembe zinakimbilia ukingoni, kama alama ya kahawa iliyomwagika mezani, hivyo hata ukiziona hazikuambii kitu kuhusu wingi.

Dawa yake usidondoshe, zishushe kwa sentrifuji, ile mashine inayozungusha tyubu kwa kasi. Mwaga epoksi (gundi inayoganda) kidogo chini ya tyubu igande iwe bapa, weka gridi juu yake, jaza maji kimo cha sentimita 5, tumia rota (kile kichwa kinachoshika tyubu) ambayo vikombe vyake vinanyanyuka ikizunguka. Kwa 20,000 g, yaani mara 20,000 ya mvutano wa dunia, silva ya nanomita 50 inafika chini ndani ya dakika 3 au 4, ila ya nanomita 10 inataka saa moja na dakika 20, kipenyo kikipungua mara 5 chembe inazembea mara 25. Sasa kila kilichokuwa juu ya gridi kimelala juu ya gridi, kutoka 7 umepata kama 500. Gridi uwe umeipaka polilaisini kwanza, ina chaji chanya na chembe za silva mara nyingi ni hasi, bila hivyo zinaondoka na maji. Maji yenyewe nyonya kwa pipeti taratibu ukitokea pembeni, mimi nilikuwa na haraka nikakunja gridi tatu siku moja.

Kwenye kutafuta, punguza ukuzaji hadi picha ifunike maikromita 20 kwa 20. Kwa kamera ya pikseli 4,096 chembe yako itakuwa na upana wa pikseli 10, inatosha kuishtukia, ndio uisogelee. Sehemu za kupiga zichague kwa bahati nasibu, usivutwe na palipojaa, na picha tupu nazo ni data.

Hesabu yenyewe rahisi: chembe ulizoona, gawanya kwa eneo ulilopiga picha mara kimo cha maji. Mfano picha 700 ni sentimita za mraba 0.0028, mara 5 ni mililita 0.014, ukiona chembe 20 basi ni kama 1,430 kwa mililita. Lakini kosa la kuhesabu ni kipeuo cha pili cha idadi, 20 inakupa kosa la asilimia 22, ukitaka asilimia 5 tafuta 400, na hapo panga mashine ijipigie picha usiku we ukalale.

Halafu sio kila doti jeusi ni silva. Chumvi iliyokauka inadanganya sana. Washa ditekta ya eksirei utafute mstari wa silva, uko karibu na keV 3 (kipimo cha nishati ya eksirei), wa shaba upotezee huo ni wa gridi yenyewe. Mtego mbaya zaidi ni silva iliyoyeyuka, mwale wa elektroni unaweza kuigeuza chembe palepale, ukiona madoti yanaongezeka huku unayatazama ujue ni wewe unayatengeneza. Suuza gridi kwa maji safi kabla haijakauka.

Na endesha gridi ya maji safi kwa njia ileile, kila kilichoonekana huko kitoe kwenye hesabu yako. Nyingine itilie chembe za dhahabu za rejea za nanomita 60 za NIST (taasisi ya vipimo ya Marekani) kwa kiasi unachokijua. Ulitegemea 100 ukaona 60? Zile 40 tafuta kwenye kuta za tyubu.