Miaka yako kwenye kazi ya mionzi inahesabiwaje, na uanze kuandika nini leo

Kuna kijana wa Igoma kanipigia juzi, kaka mimi nina miaka sita kwenye mionzi, si natosha kufanya ule mtihani wa Wamarekani wa fundi wa kinga ya mionzi? Nikamuuliza, hiyo miaka sita ulikuwa unatumia mionzi au ulikuwa unakinga watu nayo? Akanyamaza.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kupiga eksirei kutwa nzima ni kazi ya mionzi, hakuna anayebisha, ila wanachohesabu kwenye mtihani ule ni kazi ya kinga yenyewe: kupima eneo kwa sevei mita, kile kifaa cha mkononi cha kusoma mionzi, kuweka uzio na vibao, kugawa na kukusanya beji za kupimia dozi ya mionzi anayopata mtu, kupangusa chanzo, yaani kile kitu kinachotoa mionzi, kuona kama kinavuja, kukagua vifaa, kusimama na mafundi wanapoingia sehemu yenye mionzi na kuwaambia tokeni muda umeisha. Kwenye migodi ya dhahabu huku kwetu kanda ya ziwa, yule anayehudumia geji za kupima uzito wa tope kwenye bomba, zile zenye chanzo cha mionzi cha Sizi-137, anaweza kuwa na saa nyingi za kinga kuliko mtu wa eksirei mwenye miaka kumi.

Sasa hesabu. Saa 2,000 ndiyo mwaka mmoja, yaani saa 40 kwa wiki mara wiki 50. Yule kijana kumbe siku mbili kwa wiki alikuwa anamsaidia afisa usalama wa mionzi, kwa hiyo ni saa 16 kwa wiki, 800 kwa mwaka, miaka sita inakuja saa 4,800, ambayo ni miaka miwili na nusu kasoro kidogo. Ile taasisi ya Marekani ya kusajili mafundi hawa, NRRPT, iliyoanza 1976, inataka miaka mitano ya kazi ya kinga. Kwa hiyo bado sana mdogo wangu. Na usije ukachanganya na kile kiwango cha zamani cha Marekani cha 1971 cha mitambo ya nyuklia, kile kilitaka fundi awe na miaka miwili kwenye fani yake, ni kitu kingine kabisa, cha kuajiriwa mtamboni siyo cha kusajiliwa.

Halafu hicho cheti hakikupi ruhusa ya kushika chanzo hapa nyumbani. Hapa mwenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, kwa sheria namba 7 ya 2003, nenda ofisi yao ya kanda hapa Mwanza ukawaulize mapema wanataka nini kwa nafasi unayoitaka.

Daftari ndilo la muhimu. Usiandike "nilifanya survei". Andika hivi: tarehe 14, saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, geji ya bomba la tope, shata (kifuniko cha kuzuia mionzi) imefungwa, mita moja kutoka kwenye geji nimesoma maikrosivati 2 kwa saa (sivati ndiyo kipimo cha dozi ya mionzi), namba ya mita hii hapa, tarehe yake ya kalibresheni, yaani ilipohakikiwa kuwa inasoma sawa, hii hapa, aliyesimamia sahihi yake. Mistari mitatu tu, dakika mbili, lakini miaka mitano mbele mtu anayekukagua anaona kazi.

Mimi nilipoteza mwaka mzima na nusu kizembe. Kandarasi ilifungwa, msimamizi akahama, nikabaki na ripoti za beji mkononi nikidhani zinatosha, kumbe beji inasema ulipata dozi kiasi gani, haisemi ulifanya nini. Kwa hiyo barua omba siku unayoondoka, bado wanakukumbuka na sura, na asaini afisa usalama wa mionzi, siyo watu wa utumishi, maana hao watakuandikia "ni mchapakazi na mwaminifu", maneno matamu ila hamna hata saa moja ndani yake. Iwe na tarehe ya kuanza na kuisha, kazi gani, na sehemu gani ya wiki ilikuwa ya kinga.

Ripoti za beji nazo chukua kila mwaka hata hivyo, ukihamia kwingine watataka kujua umeshabeba kiasi gani kwa sababu kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka ukihesabu miaka mitano.

Na daftari lipige picha kila Ijumaa. Langu la kwanza lilinyeshewa kwenye kivuko cha Kamanga, wino wote ukawa kama supu ya dagaa.