Bakapu ishike UUID, si jina la mashine
Juzi hapa ofisini Tanga tulibadili jina la seva pepe (mashine ya kiprogramu inayoishi ndani ya kompyuta halisi), "hesabu" ikawa "uhasibu-1". Usiku programu ya bakapu (nakala za akiba) ikamtafuta "hesabu" wake, haikumwona, ikaruka kimya kimya. Kwenye mipangilio ya bakapu, chagua mashine itambuliwe kwa UUID, yaani namba yake ya kipekee ya utambulisho. Jina ni lebo tu, yeyote hulibadili; UUID ni namba ya biti 128, na kwa VMware (programu ya kuendesha seva pepe) imeandikwa ndani ya faili la mipangilio la .vmx, hivyo jina likibadilika, UUID haitikisiki. Ila ukinakili faili za mashine kwa mkono, kisha VMware ikikuuliza kama umeihamisha au umeinakili, ukajibu umeihamisha, utapata mashine mbili zenye UUID moja, na bakapu itazichanganya. Ukiiunda mashine upya, hata kwa jina lilelile, UUID ni mpya: iongeze tena kwenye orodha.