Namna ya Kuipa Nchi ya Kubuni Mila Zake

Mwandishi wa Unguja au Pemba anayebuni nchi ya visiwa kwa ajili ya riwaya yake aanze na pepo za msimu na mazao kabla hajagusa nguo wala ngoma. Amua kwanza nchi hiyo inauza nini, vyombo vinatoka wapi, na wageni hukaa bandarini muda gani wakingoja upepo ugeuke. Huku kwetu kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja ikaipa Pemba nafasi ya kwanza katika zao hilo. Ukishayapanga hayo, chakula hakitakusumbua, kwa sababu chungu hupokea kile kilichoshushwa pwani na kilichovunwa shamba.

Katika mavazi, rangi pekee haitoshi. Kanga ina pindo, mji na jina, na kwa jina hilo mwanamke humfikishia jirani ujumbe bila kufungua mdomo; basi na vazi lako lieleze nani hulivaa, siku gani, na litasomwaje na wanaomtazama.

Muziki ndio unaohitaji subira zaidi, na hapo ndipo nchi nyingi za kubuni zinapopwaya, kwani wananchi wote huimba wimbo mmoja kwa sauti moja. Taarabu ilistawi kwanza katika jumba la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Baadaye Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa kawaida, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Kidumbaki nacho kikashika arusi za mitaani kwa vigoma vidogo, fidla na sanduku linalopigwa kama besi, na Pemba ina ngoma yake ya msewe. Kwa hiyo weka angalau muziki wa aina mbili, wa wakubwa na wa uani, kisha uandike ni nani aliyevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili na alilaumiwa kwa lipi.

Usiuchukue Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi ambapo watu hupigana kwa migomba ili kumaliza ugomvi wa mwaka, ukaubadilisha jina tu. Jiulize kwanza watu wa nchi yako wana ugomvi gani wa mwaka mzima wa kuumaliza, ndipo uchague watakachopigana nacho badala ya migomba yetu.